Mliotufundisha kalkuleta ya fedha hapa Mombasa, mlitufundisha nini hasa?

Wanajamvi, nina hasira, na leo nayasema.

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama huku Likoni. Chama kilinitolea shilingi 6,500 nikasome darasa la wikendi mbili mjini, la "matumizi ya juu ya kalkuleta ya fedha". Nikanunua na BA II Plus, ndiyo kalkuleta yenyewe, maana mwalimu alisema bila hiyo usije. Siku nne nimevuka feri asubuhi na mapema na kurudi jua limetua. Siku nne mfano ni ule ule: tia N (idadi ya malipo), tia I/Y (riba ya mwaka), tia PV (kiasi cha mkopo), bonyeza CPT (kitufe cha kupiga hesabu) halafu PMT (malipo ya kila mwezi). Ukiuliza swali unaambiwa hilo tutalifikia mbele. Halikufikiwa.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mwenzetu mmoja chamani alikuwa anatafuta mkopo wa tuktuk. Mkopeshaji akamwandikia shilingi 400,000, miezi 36, kulipa 17,111 kila mwezi, "riba asilimia 18 kwa mwaka". Akaniletea karatasi Jumatano usiku: "Dada, hebu nipigie hii hesabu, moyo wangu hautulii." Nikatia 36 kwenye N, 400,000 kwenye PV, 17,111 kwenye PMT, nikabonyeza CPT na I/Y. Skrini ikaandika Error 5. Nikarudia mara tatu, Error 5. Nikampigia mwalimu. Wallahi jibu lake lilikuwa hili: "Hiyo mashine imekufa, irudishe dukani." Dukani nikaambiwa ikishatolewa nailoni hairudi. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya ule mkopo. Mwenzetu akatia saini.

MASHINE ILIKUWA NZIMA! Pesa inayoingia mfukoni na pesa inayotoka lazima zipishane alama. Mkopo unaupokea, kwa hiyo 400,000 ni chanya. Malipo unayatoa, kwa hiyo baada ya 17,111 unabonyeza kitufe cha +/- iwe hasi, ndipo unabonyeza PMT. Ukiziacha zote chanya, mashine inaona umepewa pesa halafu ukaendelea kupewa tena, riba ya namna hiyo haipo, ndiyo maana inakataa. Error 5 ni hiyo tu. Kitufe kimoja! Nimekuja kukijua kwa kijana wa jirani anayesomea uhasibu, hakunitoza hata senti.

Nilipoweka alama ile, na P/Y (idadi ya malipo kwa mwaka) ikiwa 12, jibu likatoka: karibu asilimia 30.6 kwa mwaka. Sio 18. Mkopeshaji alipiga 18 juu ya laki nne nzima kwa miaka mitatu, kana kwamba mwenzetu halipunguzi deni hata siku moja. Ingekuwa 18 ya salio linalopungua, angelipa 14,461 kwa mwezi. Tofauti ni 2,650 kila mwezi, zaidi ya 95,000 mpaka mkopo uishe. Huyu ni mama anayeuza mahamri asubuhi ili mwanawe aendeshe tuktuk. Mkopeshaji nina yangu naye, lakini mwalimu ndiye tuliyemlipa atufumbue macho.

Na hayo sio yote. Kalkuleta yangu ilikuja P/Y ikiwa 1, yaani malipo mara moja kwa mwaka. Ukitia 18 hivyo hivyo na miezi 36, inachukulia 18 kwa kila mwezi na kukupa malipo ya 72,187. Lazima uingie 2nd kisha I/Y, uandike 12, ENTER. Hatukuambiwa, mwalimu alikuwa ameshazirekebisha za darasani kabla hatujakaa. Hilo angalau linaonekana kwa macho. Linaloniogopesha ni BGN. Aliyetumia kalkuleta kabla yako akiiacha kwenye BGN, mashine inahesabu malipo ya mwanzo wa mwezi, na ile 14,461 inakuwa 14,247. Nani atashtuka kwa shilingi mia mbili na kitu? Kuizima hakusaidii, inakumbuka. Hata kufuta kwa CLR TVM kunaondoa namba za N, PV na wenzake tu. P/Y na BGN zinabaki pale pale. Tazama juu ya skrini kila mara: ukiona herufi BGN na malipo yako ni ya mwisho wa mwezi, bonyeza 2nd PMT, kisha 2nd ENTER, zitoweke.

Haya yote nimeyaandika kwa dakika chache. Yeye alikuwa na siku nne na pesa zetu.

Mwalimu, najua unapita humu. Tuite tena wote tuliokaa darasa lile, utufundishe bila malipo, au rudisha pesa za chama. Na ninyi mnaotaka kujiandikisha darasa jipya la Jumamosi, kabla hamjatuma hata shilingi, mpigieni simu mumuulize Error 5 maana yake nini.