Naomba ushauri: kuku mchanganyiko, bata, mbwa, paka na mtoto mdogo kwenye ua mmoja

mama_uani
Habari zenu wapendwa. Niko Kigamboni, kiwanja chetu kina fensi na chini ni mchanga mtupu. Nina mitetea ya kienyeji kumi na kitu, jogoo wa kuchi mkubwa kweli, bata maji watano, na juzi mume wangu kaleta vifaranga 30 wa Sasso (kuku wa kisasa) wa wiki tatu. Mbwa yupo, paka yupo, na mwanangu wa miaka mitatu muda wote yuko nje anataka kushika vifaranga.

Sasa hao Sasso nimewaweka banda moja na wakubwa maana jingine sina, na naona wamezungukwa na vidoa vyeusi machoni, ukimshika kifaranga ukamsogeza karibu unakuta ni viroboto wamejipanga kwenye kope na pembeni ya upanga, wengine jicho halifunguki kabisa. Leo nimeona paka naye anao hivyo hivyo kwenye kingo za masikio!! Halafu jogoo kamrukia mtoto mgongoni. Mbwa hana neno na kuku wakubwa ila kifaranga akikimbia tu anaye. Je wanaweza kuishi pamoja hawa au niuze baadhi? Hela ya kujenga mabanda matatu kwakweli sina.

Mgosi_Mfugaji
Pole sana dada. Anza na viroboto, hayo mengine yatasubiri. Hao ni wale wa kuganda, jike akishauma kwenye ngozi habanduki, ananyonya hapo hapo na mayai yanadondoka chini yanaangulia kwenye mchanga mkavu na maranda. Kwahiyo ukitibu kuku peke yao wiki mbili tatu wamerudi wote, maana paka na mbwa wanao na mchanga unao. Chagua siku moja umalize vyote: vifaranga wapake mafuta ya mgando pale walipoganda, mafuta mazito yanawaziba pumzi wanakufa, usiwabandue kwa kucha utatoa na ngozi. Maranda yote toa uchome, fagia mchanga wa juu hadi kwenye pembe, pulizia dawa ya banda na usirudishe kuku mpaka pakauke. Kuna watu watakwambia upake mafuta ya taa, USITHUBUTU karibu na jicho la kifaranga.

binti_wa_bonde
Naongezea hapo kwa Mgosi, dawa ya viroboto ya mbwa usimpake paka!! Nyingi zina permethrin, mbwa anaivumilia vizuri tu ila paka inamuua. Mwambie muuza dawa kabisa kwamba nataka ya paka.

kaka_Chanika
Huyo jogoo mchinje mle pilau. Jogoo akishazoea kurukia mtoto haachi, na kipi chake, ule mwiba wa mguuni, kinalenga jicho.

Mgosi_Mfugaji
Kaka kuchi mzuri ana bei nzuri sokoni, amuuze anunue wavu wa kuku na mbao. Kwa mitetea kumi jogoo mmoja mpole wa kienyeji anatosha kabisa. Ila nakubaliana na wewe, pale kwenye mtoto asikae.

mama_uani
Asanteni sana jamani. Mume ataumia ila jogoo nitauza. Kwahiyo Sasso na wakubwa nitawatenganisha vipi kwenye banda moja?

afisa_mifugo_mstaafu
Mama, banda moja linatosha, ligawe katikati kwa wavu. Vifaranga upande wao na wakubwa upande wao, wanaonana ila hawadonoani, na wakishakaribiana maumbo unatoa wavu usiku wakiwa wamelala, asubuhi wanaamka pamoja bila fujo kubwa. Chakula nacho usichanganye. Pumba za kuku wa mayai zina chokaa nyingi sana, kifaranga akizila muda mrefu zinamharibu figo. Kama mchana wote wanatoka nje, funika tenga juu ya chakula cha vifaranga, liwe na nafasi wanazopenya wao tu. Hilo tenga linawakinga na mwewe pia, na yule mbwa.

Bata watoe ndani ya banda, hata kibanda cha mabati pembeni kinawatosha. Wanamwaga maji, maranda yakilowa kuhara damu hakukosi kwa vifaranga. Ukiona kinyesi chenye damu na mabawa yameshuka wahi dawa ya amprolium kwenye maji siku hiyo hiyo.

Halafu hujasema habari ya chanjo. Kideri (Newcastle) kikiingia hapo utabaki na bata tu, maana bata anaweza kubeba kirusi na asiumwe. Chanjo yake inaitwa I-2, ni tone moja kwenye jicho moja, mkubwa kwa mdogo siku moja, unarudia kila baada ya miezi 3. Ulizia pia kama Sasso walipata chanjo ya gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi wa vifaranga, huko walikotoka. Na mtoto anawe mikono kwa sabuni kila akishika kuku, asiwabusu, kuku mzima kabisa anaweza kuwa na vijidudu vya salmonela vya kuumiza tumbo.

binti_wa_bonde
Mbwa mlishe asubuhi kabla hujafungua kuku, na mfunge mahali anapowaona wakipita mpaka awazoee. Kuku akifa usimtupie mbwa, mfukie shimo refu. Na kama una panya usiweke sumu, paka atamla huyo panya.

mama_uani
Nimeelewa vizuri, Mungu awabariki. Chanjo sijawapa tangu nianze kufuga. Swali la mwisho kwa mzee wetu hapo: nikipata I-2 kesho niwadondoshee hata hao wenye viroboto machoni?

afisa_mifugo_mstaafu
Hapana mama. Chanjo inataka kuku mwenye nguvu, na hao wamenyonywa damu. Kesho wadondoshee wakubwa na vifaranga ambao macho yao ni safi. Wagonjwa watenge kwenye boksi, wape maji yenye vitamini, wakichangamka na kula vizuri ndio unanunua kichupa kingine kwa ajili yao, kile cha kesho kikishafunguliwa usikitunze. Nenda na chupa ya chai yenye barafu dukani, isikae juani.

mama_uani
Sawa mzee wangu, shikamoo. Barafu nagandisha usiku huu.