Michango ya Neema (Ukoo wa Mvumi)

ALHAMISI

19:04 – Shangazi Eda: Bwana asifiwe ndugu zangu. Naomba tusikilizane vizuri. Yona yuko Kariakoo kesho mpaka saa nane mchana, jioni anapanda treni kurudi Dodoma. Laptopu ya Neema ameshaiona. Ni HP Spectre x360, ile inayojikunja mpaka kibodi inaenda mgongoni, unabaki na kioo cha kuchorea. Imetumika lakini safi. 1,900,000 na hapo mwenye duka ameshapunguza. Neema anaripoti Chuo Kikuu Ardhi wiki ijayo, usanifu majengo, siyo mchezo.

19:06 – Shangazi Eda:
Eda 400,000 ✅
Yona 300,000 ✅
Baba Amani 150,000 ✅ (aliahidi 250,000)
Lameck 100,000 ✅
Mama Mkubwa Bahi 90,000 ✅
Kongwa: ahadi
Dada Mwanza: kimya
JUMLA 1,040,000. Bado 860,000. Tumeni na ya kutolea jamani, makato yananila mimi.

19:31 – Baba Amani: Dada, hayo ya kwenye mabano yalikuwa na ulazima?

19:32 – Shangazi Eda: Uliahidi mbele ya watu. Naandika kilichosemwa.

19:40 – Lameck: Shikamooni. Ba mdogo, hiyo mashine ni ya mwaka gani? RAM ngapi?

19:52 – Yona: i7 kizazi cha 11, RAM 16, diski 512. Kioo OLED. Lameck, kile kioo! Jamaa kanifungulia picha ya zabibu, unaona hadi ule unga mweupe juu ya punje, kama umesimama shambani Hombolo. Nyeusi yake ni nyeusi ya usiku.

19:53 – Baba Amani: Kama shida ni kuchorea kioo, mpeni kishikwambi changu cha sensa 😂

19:53 – Mama Mkubwa Bahi: Kile bado kina majina ya kaya zetu

19:54 – Yona: Mwalimu, tangu 2022 unahesabu tu watu

19:55 – Baba Amani: Hakijawahi kuganda hata siku moja. Mali ya serikali.

19:55 – Mama Mkubwa Bahi: 🤣🤣 kilete Bahi tuhesabu kuku

19:57 – Shangazi Eda: Tusitoke kwenye mada. Lameck, wewe ndiye fundi. Ni nzuri au siyo nzuri?

20:21 – Lameck: Shangazi, hilo sina jibu la neno moja, nivumilie niandike.
Hiyo ni Spectre x360 14. Jina linasema 14 ila kioo ni inchi 13.5, kimeenda juu kuliko hizi za kawaida ambazo ni pana kama televisheni. Kwa mtu wa michoro hilo ni jambo kubwa, karatasi ya A4 inakaa karibu nzima bila kusogezwasogezwa. Kalamu yake inasikia mkono, ukikandamiza mstari unanenepa, ukilegeza unakonda. Neema anachora tangu yuko chekechea, kumkalisha na kipanya ni kumfunga mkono. Hapo naikubali kabisa.
Sasa upande wa pili. RAM yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, imechomelewa kwenye madabodi. Hiyo 16 ndiyo anaenda nayo mpaka mwaka wa tano, hakuna kuongeza. Haina kadi ya picha inayojitegemea, inakula humohumo kwenye RAM. Kwenye programu za michoro, AutoCAD ataenda vizuri. Revit ya jengo la kawaida ataenda. Akifika kwenye Lumion, kutengeneza zile picha za nyumba inayong'aa na miti, hapo itahema. Ile kazi inataka kadi yenye nguvu.
Na kioo kikipasuka hubadilishi kioo cha juu peke yake, vimegandishwa pamoja, unanunua chote. Hapa Dodoma sijawahi kukishika mkononi kikiwa kipya.

20:24 – Lameck: Halafu kinang'aa. Nina mteja Area C, ana nyingine ya hivihivi, akikaa barazani saa nne asubuhi anaona sura yake na mti wa mwarobaini, kazi haoni.

20:26 – Shangazi Eda: Neema atasomea barazani kwa nani? Atakuwa bwenini.

20:30 – Lameck: Sawa Shangazi. Nimesema tu. Kwa hela hiyohiyo anapata laptopu ya kiofisi inayofunguka, RAM unaongeza, na kibao cha kuchorea cha kuchomeka pembeni. Haipendezi macho, ila naweza kuitengeneza hata kwa tochi ya simu.

20:33 – Shangazi Eda: Kibao pembeni, waya pembeni, mtoto anatembea na duka? Spectre haifiki kilo moja na nusu. Mimi nimeshaamua, tumalizie hela.

20:47 – Mama Amani: Wifi, umeshaamua kwa niaba ya nani? Ya Amani pia ilinunuliwa kwa haraka hizihizi.

20:48 – Shangazi Eda: Wifi nilijua utafika huko.

20:50 – Mama Amani: Nafika kwa sababu hatujawahi kutoka. Bawaba ilivunja ganda mwezi wa tatu tu. Maneno yaliyosemwa humu ndani mpaka mtoto akajitoa, ninayo bado kwenye simu.

20:51 – Shangazi Eda: Nilisema aliifungua kwa kuvuta pembe moja. Nilidanganya?

20:52 – Mama Amani: Ulisema "mtoto wa mwalimu hajui thamani ya kitu".

21:15 – Baba Amani: Mama Amani, lala.

21:40 – Mama Neema: Asanteni ndugu zangu kwa yote. Nasoma.

IJUMAA

06:12 – Bibi Mvumi: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:08)

06:34 – Mjukuu wa Bibi: Bibi anasema niandike kwa ambao simu zao hazifungui sauti. Naandika kama alivyosema:
"Mbukwenyi wanangu. Eda, jana umenipigia mara tatu, nimekusikia. Mimi sijui hizo mashine. Ninachojua, Amani alikuja kwangu likizo ile akaweka begi chini ya kitanda, wiki tatu hakuligusa. Nikasema moyoni, huyu mtoto kaiba. Kumbe kitu kimevunjika na anaogopa nyie wazazi wake. Alikuwa hali ugali. Sasa mtoto wa marehemu msimbebeshe kitu ambacho kikivunjika ataficha. Nunueni mnachoona kinafaa, hela ni zenu. Lakini kikivunjika mimi ndiye wa kwanza kuambiwa, na asiongee mtu. Na Amani mrudisheni humu. Nimemaliza."

08:49 – Shangazi Eda: Nimekusikia mama.

08:53 – Shangazi Eda amemwongeza Amani

10:20 – Lameck: Ba mdogo, ukifika dukani kabla hujatoa hata mia, fungua lile dirisha jeusi la kuandika amri, andika powercfg /batteryreport ubonyeze kuingiza. Itakuandikia faili, lifungue, tafuta mistari miwili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Nipigie picha.

11:37 – Yona: 📷 Picha

11:38 – Yona: Cha kwanza 66 elfu na ushee. Cha pili 41 elfu. Ndiyo nini? Jamaa anasema inakaa saa kumi.

11:44 – Lameck: Ilikuwa inakaa. Betri imebaki na kama asilimia 62. Siyo ugonjwa, ni umri, betri zote zinachoka hivyo. Ila hiyo siyo bei ya mashine yenye betri ya hivyo. Ashushe au aweke betri nyingine mkiwa mnaona. Kalamu ipo?

11:46 – Yona: Anasema kalamu inauzwa peke yake.

11:46 – Baba Amani: Kama nyama na chumvi

11:49 – Lameck: Hii ilitoka kiwandani na kalamu yake kwenye boksi. Na muulize kiunganishi cha HDMI, maana yenyewe haina hilo tundu. Siku ya kuwasilisha kazi darasani asije akasimama mbele ya projekta anahangaika.

12:03 – Dada Mwanza: Habari za siku. Nimesoma yote kuanzia jana. Kalamu naigharamia mimi. Hela nyingine mwezi huu sina, nisiwadanganye.

12:05 – Shangazi Eda: Asante mdogo wangu.

12:40 – Amani: Shikamooni wote. Ba mdogo, ukiifungua shika katikati ya ukingo wa juu wa kioo, usishike pembe. Ikunje taratibu mpaka mwisho mara tano sita huku umeweka sikio. Ya kwangu ilianza kulia "tik" upande wa kushoto kama wiki mbili kabla. Nilisikia nikanyamaza.

12:58 – Yona: Marahaba mwanangu. Nimefanya, hailii. Iko ngumu sawa pande zote mbili.

13:35 – Yona: Nimeacha 300,000 ya kushikilia. Jamaa anasema Jumatatu betri itakuwa imefika na jumla itakuwa 1,750,000. Risiti ameandika kwa mkono, ina muhuri. Mimi naelekea stesheni, siwezi kusubiri.

13:37 – Shangazi Eda: Yona!! Hela ya watu umeiacha kwa risiti ya mkono? Na Jumatatu anaichukua nani?

13:52 – Lameck: Neema si anafika Dar Jumapili. Aende aishike mwenyewe, achore hata mstari mmoja. Mkono wake ndio utakaoitumia.

13:53 – Shangazi Eda: Peke yake Kariakoo? Na hela yote hiyo mkobani? Nani anaenda naye? Kongwa? Jamani jibuni.

15:20 – Shangazi Eda: ??

16:08 – Amani: Niko Dar Shangazi. Jumatatu sina kipindi mpaka saa saba mchana.

16:09 – Shangazi Eda: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

16:17 – Shangazi Eda: Sawa baba. Risiti anayo baba yako mdogo, atakutumia picha. Nauli yenu nitatuma mimi.

16:30 – Shangazi Eda: Wengine: bado 710,000. Kongwa nimekupigia.

18:44 – Baba Amani: Dada, kwenye orodha naomba urekebishe. Niliahidi 150,000.