Naomba ushauri: kuwinda kulungu milima ya Colorado

Habari zenu wakuu. Nipo Texas, na mwakani nataka kwenda Colorado na mwongozaji kuwinda wale kulungu wenye masikio makubwa kama ya nyumbu (yule chotara wa punda na farasi). Cheti cha mafunzo ya uwindaji ninacho. Kinachonikwamisha ni leseni: kule hutolewa kwanza kwa bahati nasibu, maombi hufungwa mapema Aprili, na wenye pointi walizopata kwa kuomba na kukosa miaka ya nyuma hutangulizwa. Mimi sina hata moja. Waongozaji niliowapigia wanataka malipo ya awali kabla majibu hayajatoka, na wengine hawarudishi.

Je, nilipe sasa au nisubiri majibu? Na mtu aliyezoea tambarare afike siku ngapi mapema ili azoee mita 3,000? Hili la kimo linanitia hofu kuliko bei. Natanguliza shukrani.