Uzi wa malalamiko: alfajiri ya leo amenitia mguu kinywani, na najua mguu ule ulikuwa umetoka wapi

Mlala Ukingoni:

Wanajukwaa, heshima zenu nazitanguliza, maana nikishaanza sitazikumbuka tena.

Sitamtaja. Waliosoma malalamiko yangu yaliyotangulia wanamjua, na wasioyasoma wana wa kwao nyumbani, kwa hiyo wanamjua vilevile.

Leo saa 10:17 alfajiri nilikuwa nimelala chali, kinywa wazi, kama alalavyo mtu yeyote mwenye kazi asubuhi. Nilimsikia kwa mbali akichakura katika sanduku lake la mchanga, nikamsikia akitoka, nikasikia kishindo chake akipanda kitandani, nami kwa ujinga wangu nikajisemea kwamba sasa atalala. Akanikalia kifuani. Akaunyoosha mguu wake wa mbele wa kulia, akautia kinywani mwangu. Naomba mnielewe vizuri, kwa sababu mtu wa kwanza niliyemsimulia kwa simu alidhani nimesema mdomoni: mguu ule haukugusa midomo ukaondoka, bali ulipita katikati ya meno, ukatua juu ya ulimi na kutulia hapo kama mgeni aliyekaribishwa kiti, huku mwenye mguu akinguruma kama jenereta.

Nilipojaribu kufunga kinywa, nikang'ata punje ya mchanga. Punje moja tu. Wenye uzoefu wanajua kwamba sauti ya punje ya mchanga kati ya magego haisikiki masikioni bali ndani ya fuvu, na kwamba ukishaisikia huwezi tena kujidanganya kuwa unaota.

Nimepiga mswaki mara nne. Ulimi sasa unawasha kwa dawa ya meno, na bado nikimeza mate naisikia punje.

Msidhani nakasirishwa na jambo moja. Nikiingia msalani na kufunga mlango, hulala ubavu upande wa nje na kuupitisha mguu chini ya mlango, mguu uleule, akipapasa sakafu kama mtu aliyeangusha funguo gizani. Nikifungua kitabu, hukaa juu ya mstari ninaousoma, na nikihamia ukurasa wa pili, naye huhamia. Nikiandika, hulaza kidevu juu ya kifundo cha mkono wangu, ndiyo maana uzi huu nauandika kwa mkono mmoja na mtaniwia radhi kwa makosa. Kitanda nilichonunua kinatosha watu wazima wawili. Mimi nimeachiwa ukanda wa upana wa rula upande wa ukutani, naye hulala kwa kukatisha katikati. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39, kwa hiyo anaponizunguka shingoni ni sawa na kuvishwa taulo lililotoka kupigwa pasi. Nimesoma pia kwamba jamii yake hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na ningependa kuelezwa ni lini, maana huyu wa kwangu saa hizo huzilala juu ya mkono wangu, na zinazobaki huzitumia kuhakikisha kwamba mimi silali.

Hayo yote nimeyavumilia. Lakini kinywani! Kati ya mahali pote palipokuwa wazi katika nyumba ile, na nyumba ina vyumba vitatu, alichagua kinywani. Nilivihisi vidole vyake kimoja kimoja: vinne juu ya ulimi, na cha tano, kile cha juu kisichogusa ardhi, kikaning'ang'ania kwenye jino la mbele. Kisha akanitazama machoni, akafumba macho polepole, akayafumbua polepole, kama mtu aliyetoa zawadi na sasa anangoja ashukuriwe.

Sikuja kuomba ushauri. Nimekuja kulalamika.

Sikio la Kufa:

Mkuu, kwa kichwa cha uzi nilijua ni mambo ya ndoa, nikaanza kabisa kukuandalia maneno ya busara kuhusu wanandoa kuzungumza kwa upole. Nilipofika kwenye sanduku la mchanga, lile la paka kujisaidia, nikayafuta yote, na sasa sijui hasira yangu niielekeze wapi.

Fundi wa Kubisha:

Mleta uzi anamlalamikia mwanafunzi wake mwenyewe. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Siku ya kwanza alipolia alfajiri, nani aliamka akampa chakula ili anyamaze? Mnyama aliyekwisha kuona kwamba kelele huleta sahani hahitaji kuelezwa mara ya pili, na sasa kelele zimekuchosha, amebuni njia ya mkato. Kwa kweli mimi namsifu.

Mlala Ukingoni:

Niliamka mara moja tu.

Fundi wa Kubisha:

Mara moja kwa siku, au mara moja tangu umlete?

Mlala Ukingoni:

Naomba turudi kwenye mada. Kinywani, ndugu zangu. Juu ya ulimi.

Mwalimu wa Zamu:

Niruhusuni niseme jambo, maana naona mtu anakaribia kuvunja undugu kwa kutofahamu. Huyo hakukutukana. Paka ana tezi za harufu mashavuni, kwenye paji la uso na katika nyayo, na anapokusuguasugua au kukukanyaga huacha harufu yake ili ajue kwamba wewe ni wa nyumbani. Kukanda kwa miguu ya mbele ni tabia anayotoka nayo uchangani, alipokuwa akilikanda titi la mama yake ili maziwa yashuke. Kwa maana hiyo, mleta uzi, ulimi wako umepigwa muhuri, na mwenye muhuri anakuona kama mamaye.

Kuhusu jenereta, mwaka 2009 Karen McComb na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba baadhi ya paka wanapotaka chakula huingiza ndani ya mngurumo wao sauti nyembamba inayofanana na kilio cha mtoto mchanga, na watu waliosikilizishwa, hata wale wasiowahi kufuga paka, waliiona sauti hiyo kuwa ya dharura zaidi na isiyopendeza. Ndiyo maana umeamka. Na alfajiri si ukorofi, kwa kuwa paka kwa maumbile huchangamka zaidi nyakati za mapambazuko na machweo.

Dawa yake ni kucheza naye sana jioni, kumlisha kabla hujalala, na kutomjibu kabisa alfajiri, ukijua kwamba kwa siku kadhaa atazidisha kabla hajaacha, na kwamba ukishindwa siku moja tu utakuwa umemfundisha kung'ang'ania zaidi. Nyongeza muhimu: kama mapenzi hayo yameanza ghafla, mpeleke kwa daktari wa wanyama, maana huenda ana maumivu, au, akiwa mzee, tezi ya shingoni iitwayo thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Akiwa jike asiyefungwa uzazi, huenda yuko kwenye joto, yaani anataka dume.

Mlala Ukingoni:

Nashukuru kwa elimu, Mwalimu, ingawa niliandika wazi kwamba sikuja kuomba ushauri. Ni dume, amehasiwa, ana miaka minne, daktari alimpima mwezi uliopita akasema ana afya kunishinda mimi, na alipokuwa akimpima, alijilaza kifuani mwa daktari. Ghafla haikuwepo. Amekuwa hivi tangu aweze kupanda kitanda.

Kuhusu kutomjibu alfajiri, nakubaliana nawe kabisa, ila ningependa kufahamu mtu hamjibu vipi aliyeko ndani ya kinywa chake.

Sikio la Kufa:

Muhuri wa ulimi! Nimecheka hadi wa kwangu ameshtuka na kushuka mapajani, na sasa ananitazama kana kwamba nimemkosea mzazi wake.

Bado Sijalala:

Samahanini, mimi nina swali zito. Paka aliyeambukizwa vimelea viitwavyo toksoplazma huweza kuvitoa kwenye kinyesi chake, lakini vinapotoka haviwezi kuambukiza papo hapo. Huhitaji siku 1 hadi 5 vikiwa nje ndipo viwe hatari. Ndiyo maana husisitizwa kwamba sanduku lisafishwe kila siku, na mwenye mimba aiachie kazi hiyo mtu mwingine. Kwa hiyo suala si mguu, wala si ulimi, bali ni umri wa punje ile. Mleta uzi, mara ya mwisho ulilisafisha sanduku lini?

Mlala Ukingoni:

Uzi huu unahusu adabu, hauhusu sanduku.

Bado Sijalala:

Lini?

Mlala Ukingoni:

Narudia kwamba alinitazama machoni huku mguu ukiwa ndani. Machoni! Naomba wanajukwaa walijadili hilo.

Fundi wa Kubisha:

Hajajibu, na watu wote wameona kwamba hajajibu. Sasa naanza kumwelewa yule mwenye mguu. Amelalamika kwa kupapasa chini ya mlango, hakusikilizwa; amelalamika kwa kukaa juu ya kitabu, hakusikilizwa; mwisho ameuchukua ushahidi na kuuweka mahali ambapo usingeweza kupuuzwa.

Mama wa Wawili:

Mleta uzi ana mmoja, tena ana mikono miwili, na bado anapiga kelele. Mimi ninao ndugu wawili waliozaliwa siku moja. Mkubwa hunilamba nywele kuanzia saa 9 usiku kwa ulimi ulio kama msasa, hunilamba mahali palepale, na sasa pana kipara cha ukubwa wa kifungo cha shati ambacho nakifunika kwa kibanio. Nikimsukuma, mdogo huchukulia kwamba zamu yake imefika. Nikiwafungia nje, mmoja hulia na mwingine huruka akining'inia kwenye kitasa cha mlango, na juzi kitasa kilishuka, mlango ukafunguka, wakaingia wote wawili wakitembea polepole kama maofisa wa ukaguzi. Tangu siku hiyo wanajua kazi ya kitasa. Mguu mmoja kinywani kwangu mimi ni likizo.

Sikio la Kufa:

Mama wa Wawili, tafadhali fungua uzi wako, tutahamia huko wote. Hiyo ya kitasa inahitaji nafasi yake.

Miaka Mitano Mlangoni:

Nimesoma uzi huu kuanzia mwanzo nikiwa nimekaa sebuleni peke yangu, ingawa humu ndani tuko wawili, mimi na yeye. Yeye yuko juu ya kabati, amenipa mgongo.

Miaka mitano. Nimemlea tangu akiwa mdogo wa kulala ndani ya kiatu. Hajawahi kunikalia mapajani hata mara moja. Simlazimishi, simkimbizi, namfumbia macho polepole kama wanavyoshauri wataalamu, naye hunitazama kama anayesoma tangazo lililopitwa na wakati. Nikimwita, hata sikio halisogei. Nilijifariji kwamba huenda halijui jina lake, hadi niliposoma kwamba Atsuko Saito na wenzake nchini Japani walichapisha mwaka 2019 utafiti ulioonyesha kwamba paka wa nyumbani hulitofautisha jina lake na maneno mengine. Analijua. Amelijua miaka yote hii.

Wiki iliyopita nilipata mgeni asiyependa paka, anayewaogopa, aliyekaa ukingoni mwa kiti akiwa amekunja mikono na hataki kumtazama. Huyu wangu alishuka kabatini, akampandia mgeni, akajikunja mapajani mwake na kuanza kunguruma. Sikuwahi kuusikia mngurumo wake kabla ya siku ile. Nilisimama pale na sinia la vikombe hadi mikono ikatetemeka.

Kwa hiyo mleta uzi anapolalamika kwamba ametiwa mguu kinywani, naomba nieleweke bila kuhukumiwa: mimi ningefungua kinywa zaidi.

Mama wa Wawili:

Ndugu yangu, nimesoma na kibanio kimenidondoka. Nitakuletea mmoja wa kwangu. Chagua wa nywele au wa kitasa.

Mwalimu wa Zamu:

Kisa cha mgeni kina maelezo. Paka wengi huvutiwa na mtu anayekaa kimya bila kuwakodolea macho wala kunyoosha mkono, kwa sababu mtu wa namna hiyo hawatishi. Mgeni wako, kwa woga wake, alifanya yote sahihi. Jaribu kukaa sakafuni ukisoma, bila kumtazama.

Miaka Mitano Mlangoni:

Nimekaa sakafuni tangu mwezi wa tatu.

Fundi wa Kubisha:

Mimi ni mtu wa kubisha, lakini hapa sina la kubisha. Pole sana.

Mlala Ukingoni:

Wanajukwaa, naona tumetoka nje ya mada kwa aya nyingi. Kwa kumbukumbu, sanduku nimelisafisha sasa hivi, tena yeye akiwa amekaa ndani yake muda wote akinikagua, na nilipomaliza alilitumia papo hapo na kunifuata. Narudia kwamba alfajiri ya leo, saa 10:17, mguu wa mbele wa kulia

Sikio la Kufa:

Tumesikia, mkuu. Miaka Mitano, umejaribu kumwachia shati ulilolivaa?

Miaka Mitano Mlangoni:

Alilisogeza kando na kulala sakafuni. Lakini nina habari ambayo sijamwambia mtu. Jana usiku, alipokuwa akielekea dirishani, alikatisha kitandani badala ya kuzunguka, na mguu wake mmoja ukakanyaga muundi wangu, juu ya shuka. Sikujigeuza kwa dakika arobaini. Ganzi ilinipanda hadi kiunoni, nami nikaiacha ipande.

Mama wa Wawili:

Hongera! Jamani, hongera sana.

Mwalimu wa Zamu:

Hiyo ni hatua. Usiharakishe.

Mlala Ukingoni:

Ulikuwa mguu wa mbele au wa nyuma?

Miaka Mitano Mlangoni:

Ulikuwa wa nyuma, wa kushoto. Shuka sijaifua.