Mjadala: Eti Dearborn ndo iliyomwangusha Kamala Michigan 2024? Tupige hesabu kwanza

Mleta mada:
Wakuu salaam. Kuna hii kauli naikuta kila kijiwe, kwamba Kamala Harris alipoteza Michigan kwa sababu ya Waarabu na Waislamu wa Dearborn, wale waliokasirikia mambo ya Gaza wakahamia kwa Trump au wakampa Jill Stein wa chama cha Green. Wanaoisema wako wa aina mbili, kuna wanaosema kwa hasira (haya sasa, mlimkomoa nani?) na kuna wanaosema kwa kujisifu (tuliwatia adabu). Mi nasema wote hao hawajagusa kikokotoo. Dearborn ilikasirika kweli na ilimwadhibu Harris kweli, ila Michigan haikupotelea pale.

Tuanze na jimbo zima. 2020 Biden alimpiga Trump Michigan kwa kura 154,188. 2024 Trump akampiga Harris kwa kura 80,103. Jumlisha, unaona jimbo limegeuka kwa kura kama 234,000 ndani ya miaka minne. Sasa njoo Dearborn, mji wa Ford, zaidi ya nusu ya wakazi wake wana asili ya Kiarabu na Mashariki ya Kati. 2020 Biden aliongoza pale kwa kura zaidi ya 17,000, 2024 Trump akamzidi Harris kwa kama 2,600, yaani mgeuko wote wa ule mji ni kura elfu 20 hivi. Elfu 20 kwenye laki mbili na elfu 34! Haifiki hata moja ya kumi. Ongeza miji jirani yenye Waarabu na Waislamu wengi, yaani Dearborn Heights na Hamtramck ambako meya mwenyewe alisimama na Trump hadharani, bado uko mbali sana.

Jill Stein naye jimbo zima alipata kura elfu 44 na ushee, mpe Harris zote mpaka ya mwisho bado Trump anashinda. Na hata tukibishana weee tukakubaliana Harris angeibeba Michigan, ile ina kura 15 za wajumbe, hizo ndo zinazoamua rais, yeye alipata 226, anafika 241 na zinatakiwa 270. Trump alizoa majimbo yote saba yaliyokuwa yanayumba: Pennsylvania, Georgia, North Carolina, Wisconsin, Arizona, Nevada na hiyo Michigan. Arizona nako walienda watu wa Dearborn kupiga kura?

Hii nyingine ndo huwa haisemwi. Ukilinganisha na 2020, Harris alipungukiwa kura kama 67,000 chini ya zile za Biden, lakini Trump aliongeza karibu 167,000. Kwaiyo sehemu kubwa ya hii habari ni mtu aliyeongeza kura, siyo mtu aliyesusiwa. Sisi huku tunashinda kumjadili aliyesusiwa tu. Karibuni, matusi tuache nje.

Kibarazani Old Town:
Ndugu yangu hesabu zako ni safi lakini namba moja umeiruka, sijui makusudi au vipi. Februari 2024 kwenye kura za mchujo za Democratic hapo hapo Michigan, watu zaidi ya 101,000 walijaza "sina mgombea" kumpelekea Biden ujumbe wa Gaza, kabla Harris hajachukua nafasi yake. Laki moja na elfu moja. Trump kashinda kwa elfu 80. Sasa hebu niambie wewe, ni ipi kubwa? Walionywa miezi minane kabla, wakaambiwa kwa maandishi, na hawakusikia.

Na si Waarabu peke yao hao, mulikuwa na wanafunzi wa vyuo, mulikuwa na Wazungu wa kawaida waliochoka na vita. Ukihesabu Dearborn tu unaihesabu hasira kwa kipande chake kidogo, halafu wasema hasira ilikuwa ndogo.

Mleta mada:
Mkuu hiyo ni hoja na sikuiruka, nilijua italetwa. Mambo mawili. Kwanza, 2012 Obama hakuwa na mpinzani kwenye mchujo wa Michigan na bado asilimia 10 na kitu walijaza hivyo hivyo "sina mgombea". 2024 ilikuwa kama 13. Idadi ya vichwa ilipanda sana kwa vile safari hii waliojitokeza walikuwa wengi, ila ile asilimia siyo tetemeko kama ilivyotangazwa. Pili, kupiga kura ya onyo Februari na kumkataa mgombea Novemba ni vitu viwili tofauti. Viongozi wa ule ule mwamko wa "sina mgombea", Septemba walitoa msimamo kwamba Harris hawamuidhinishi, LAKINI wakawaambia watu wao wasimpe Trump na wasipoteze kura kwa chama cha tatu. Huwezi kuwachukua wote 101,000 ukawaweka kapu la walioondoka.

Dada wa Grand Rapids:
Habari zenu. Mimi napigia kura huku huku Michigan, kaunti ya Kent, na kwa taarifa yenu hapa Kiswahili unakisikia sokoni kila siku, hasa kwa ndugu zetu Wakongo. Kent alishinda Harris, kwaiyo msituweke kwenye kesi.

Naomba niwaeleze karatasi ya kura ya huku ilivyo maana naona mnabishana kama vile mtu anachagua rais tu akaondoka. Ni likaratasi refu, lina maandishi mbele na nyuma, unapewa kalamu unajaza viduara. Juu kabisa kuna sehemu ya chama, ukijaza kiduara kimoja pale basi kura zako zote za vyama zimeenda huko, umemaliza. Usipotaka unaruka, unashuka mmoja mmoja, rais, seneta, mbunge wa Congress, mbunge wa jimbo, mpaka bodi za vyuo vikuu jamani, unachagua wasimamizi wa chuo ambao hujawahi hata kusikia majina yao, halafu majaji. Mtu akichoka anaishia njiani na kura yake ni halali. Ukitoka unapewa stika, mwaka ule kulikuwa na ya mbwa mwitu anachana shati, watoto waliigombania balaa.

Sasa basi, siku hiyo hiyo kwenye karatasi hiyo hiyo Elissa Slotkin wa Democratic alishinda useneta dhidi ya Mike Rogers wa Republican kwa kura kama 19,000. Mtasema basi Slotkin alipendwa kuliko Harris. Hapana! Harris alipata kura NYINGI kuliko Slotkin. Harris karibu milioni 2.74, Slotkin milioni 2.71. Mmoja kashindwa, mwingine kashinda. Kilichotokea ni kwamba Rogers alipata kura pungufu ya Trump kwa zaidi ya laki moja na elfu 20. Yaani kuna watu walikuja kwa ajili ya Trump, wakajaza kiduara chake, huko chini wakaacha wazi au wakachanganya vyama. Hao ndo mkawatafute, wala msihangaike na Dearborn.

Mzee wa Kariakoo:
Binti umenifurahisha, hilo la Slotkin sikuwa nalo.

Vijana mmeshikilia Gaza kama vile Mmarekani wa kiwandani anaamka anaangalia Al Jazeera. Nendeni Macomb, kaskazini ya Detroit, kule kwa mafundi wa magari. Macomb ilimpa Obama mara mbili, 2008 na 2012, halafu ikampa Trump mara tatu mfululizo. 2020 alimzidi Biden pale kwa karibu kura elfu 40, 2024 akamzidi Harris kwa karibu elfu 70. Hiyo peke yake elfu 30, inaizidi Dearborn yenu! Na mbona hakuna mtu anaandika "Macomb imemuuza Kamala"? Chama cha wafanyakazi wa magari kilimuunga mkono Harris, kiongozi wao alizunguka kumpigia debe, wanachama kura zao wakapeleka wanakotaka wenyewe. Bei ya chakula ilipanda, riba ya mkopo wa nyumba ilipanda, na Trump kila mkutano anawatisha kwamba magari ya umeme yatafunga viwanda vyao. Basi.

Au angalieni Saginaw, kaunti inayofuata upepo, Obama ikampa, Trump 2016 ikampa, Biden 2020 ikampa kwa kura 303 tu, 2024 ikarudi kwa Trump. Saginaw kuna Waarabu wangapi?

Mtu Kwao:
Mnamkumbuka Massad Boulos? Huyu mzee wa Kilebanoni, mkwewe Trump (kijana wake kamuoa Tiffany, binti wa Trump), ndo alikuwa anazunguka Michigan kuwabembeleza Waarabu. Leo ndo mshauri wa Trump wa mambo ya Afrika, ndo huyo mnayemuona kwenye mazungumzo ya Kongo na Rwanda. Kwaiyo hata kama Dearborn haikuamua kitu, kuna mtu alipanda ngazi kupitia pale. Nimepita tu.

Kibarazani Old Town:
Ahsante bwana umenisaidia bila kujua. Kama Dearborn haikuwa na uzito, mbona Trump alimtuma mkwe wake? Mbona alikuja mwenyewe tarehe 1 Novemba akakaa mgahawani pale, siku nne kabla ya uchaguzi? Mbona aliwapandisha maimamu jukwaani Novi, hapo hapo Michigan? Wenzenu wana watu wa kuhesabu kura wanaolipwa pesa nzuri, na hao waliona faida pale.

Na upande wa pili je? Kule Chicago kwenye mkutano mkuu wa Democratic waliombwa Mpalestina mmoja tu mwenye uraia wa Marekani asimame aongee dakika chache, wakakataa. Wakamleta Bill Clinton mji wa Benton Harbor, Michigan, akasema maneno ya kuwaudhi watu wenye misiba. Wakamzungusha Liz Cheney, mtoto wa Dick Cheney wa vita vya Iraq, viunga vya Detroit, wakati kuna Wairaki tele wanaishi hapo hapo. Hiyo ni kampeni au ni kuchokoza nyuki?

Ushahidi wangu wa mwisho ni Rashida Tlaib. Ni mbunge wa Congress wa Democratic, karatasi ile ile aliyoieleza dada, mji ule ule wa Dearborn, alipata zaidi ya asilimia 60. Harris alipata kama 36, Trump 42, Stein 18. Basi watu hawakukihama chama. Walimkataa mtu mmoja, kwa sababu moja.

Mleta mada:
Hapo kwa Tlaib umepiga mulemule, na ni ushahidi mzuri kuliko zile 101,000. Nakubali kabisa kwamba Dearborn iliamua kwa makusudi na kwa akili timamu. Kampeni kufanya ujinga nako nakubali, yule wa Cheney hata mimi sikumuelewa.

Ila mkuu unanijibu swali ambalo sijauliza. Sijauliza kama walikuwa na haki ya kukasirika, nauliza kama kura zao ndo zilizoamua jimbo. Trump kwenda Dearborn hakuthibitishi kitu, mgombea anayeshinda kwa kura elfu 10 (2016 alimshinda Hillary hapo hapo Michigan kwa 10,704) mwaka mwingine ataokota hata kura mia barabarani.

Na hebu tuangalie kaunti nzima ya Wayne ambako Detroit na Dearborn zote zimo. 2020 Biden alimzidi Trump pale kwa kura kama 332,000. 2024 Harris alimzidi kwa kama 248,000. Pengo limepungua kwa zaidi ya 80,000, karibu sawa na ushindi wote wa Trump! Dearborn humo ndani ni elfu 20. Mjini Detroit kwenyewe Harris alipata kura kama elfu 20 pungufu ya Biden, na Trump akaongeza zake. Mji wa watu weusi, mgombea mweusi, na kura zimeshuka, wakati jimbo zima waliojitokeza walikuwa wengi kuliko 2020. Huo ndo mjadala mzito lakini hakuna anayeutaka kwa sababu hauna picha za maandamano.

Mgeni Njiani:
Mi swali langu fupi tu, hao wa Hamtramck na Dearborn waliompa Trump wanajisikiaje sasa? Maana huyu ndo aliyewafungia Wayemeni kuingia Marekani 2017. 2020 akatufungia hata sisi Watanzania bahati nasibu ya green card, mpaka Biden alipokuja kuifuta ile amri 2021. Watu tunasahau haraka. Juni 2025 karudia tena, Yemen ndani, Somalia ndani, Burundi nao wamewekewa vizuizi. Aliyekuwa meya wa Hamtramck Trump akampendekeza awe balozi wa Marekani Kuwait, sawa, yeye kakumbukwa, na yule anayesubiri mke wake kutoka Sanaa, Yemen, kapata nini?

Dada wa Grand Rapids:
@Mgeni Njiani hilo ni swali halali lakini liulize pia Macomb, liulize Saginaw. Kila siku wanaoulizwa "mnajuta?" ni wale wale wenye majina ya Kiislamu. Mimi nina mfanyakazi mwenzangu Mzungu kampa Trump mara tatu na hakuna mwandishi aliyewahi kumfuata na maiki nje ya kanisa kumuuliza kama anajuta.

Mzee wa Kariakoo:
Hapo mwisho kabisa umemaliza, binti.

Kibarazani Old Town:
Hajamaliza. Mwanzisha mada mwenyewe kakubali Dearborn ni robo ya lile pengo la Wayne, na pengo la Wayne ndilo karibu sawa na ushindi wote wa Trump jimbo zima. Robo ni kitu kidogo? Mimi nikidaiwa kodi ya nyumba nikakosa robo, mwenye nyumba ataniacha?

Mleta mada:
Hahaha hatakuacha, ila hatasema robo ndo kodi yote.

Novemba 2026 Michigan kuna kiti cha useneta wazi kwa vile seneta Gary Peters hagombei tena, na ugavana nao uko wazi maana gavana Whitmer anamaliza vipindi vyake. Trump hayumo kwenye karatasi, kwaiyo wale zaidi ya laki moja aliowataja dada, waliojaza kiduara cha Trump huko chini wakaacha wazi au wakachanganya vyama, tutawaona wanakuja au wanalala. Mimi nitaanza na matokeo ya Macomb, halafu Detroit. Wewe angalia Dearborn, tukutane hapa hapa na namba.