Hivi ile Second Life inalipa kweli au ni upigaji? Nipo Mtwara

KijanaWaChuno:
Wakuu habarini za majukumu. Kuna jamaa yangu hapa Mtwara mjini kaniambia kuna dunia ya mtandaoni inaitwa Second Life, unaingia unakuwa kama katuni hivi, unatembea, unakodi kiwanja, unajenga, unauza nguo, halafu ile pesa ya mle ndani unaibadilisha inakuwa dola kabisa. Mi nikajua ni yaleyale ya toa kiingilio kisha leta watu watano chini yako, ila nimegugo naona ipo toka 2003 na wenyewe ni kampuni ya Marekani, Linden Lab. Sasa mnada wa korosho mpaka Oktoba huko na mfukoni hali tete, nina laptopu ya mtumba RAM 8 na bando la mwezi. Je inalipa au niendelee na kibanda changu cha vocha? Na hela inafikaje kwenye simu? Matusi kaeni nayo.

MtuWaMasasi:
Ipo mkuu na siyo utapeli. Hela yao wanaita Linden dola, mara nyingi zikifika 250 hivi ndo unapata dola 1 ya Marekani, reti inapanda na kushuka kidogo. Iliyoivumisha ni habari ya 2006, mama mmoja Mchina aliyekuwa anaishi Ujerumani, Ailin Graef, mle ndani anajiita Anshe Chung, akatangaza kwamba mali zake za mle zimefika thamani ya dola milioni 1. Alikuwa ananunua ardhi kwa jumla anaikata viwanja anapangisha. Lakini soma vizuri hapo, THAMANI, siyo kwamba alikuwa na milioni taslimu kwenye begi. Na wewe usikimbilie ardhi, maana eneo zima la kwako mwenyewe linakula zaidi ya dola 200 kwa mwezi upate wapangaji usipate, hiyo hela hapa Masasi unapanga fremu na mzigo unaweka.
Halafu usije ukadanganywa na kazi za kukaa tu. Enzi zile kulikuwa na viti, katuni lako linakaa pale ili sehemu ionekane ina watu na wewe unalipwa. Ukikuta kiti cha linden 2 kwa dakika 10 hiyo ni 12 kwa saa, kuifikia dola 1 unakaa saa 20 na ushee, bando lenyewe halirudi.

BintiMikindani:
Kaka hela ipo kwa anayetengeneza vitu, wengine wote wanazunguka tu. Nguo, nywele, viatu, fenicha, hadi miondoko ya kucheza muziki inauzwa. Mimi natumia Blender, programu ya kuchonga vitu vya 3D, ni ya bure, unachonga kitu chako kwenye kompyuta unakipandisha kule (kupandisha kuna ada kidogo ya linden), unakiweka sokoni kwao na kikiuzwa wanakata asilimia 10. Uzuri kitu unachonga mara moja, kinauzwa hata mara mia.
Viti na makochi wapo waliojaa, kwa hiyo mi nikaenda kwenye vinyago vyetu vya Kimakonde. Kile cha ujamaa, watu wamebebana juu kwa juu, nilivyokichonga mara ya kwanza kikawa kizito mno, maana umbo la kompyuta linaundwa na vipembetatu, kila kidole na kila sikio ni pembetatu kibao na kitu kizito wateja hawakitaki kinawajazia kiwanja. Ikabidi vidole vingi viwe picha tu iliyobandikwa juu ya umbo. Na rangi ya mpingo usiitoe mtandaoni, nenda kwa wachongaji piga picha mwenyewe, ila flashi zima, ule mng'ao wake ukiupiga flashi unatoka mweupe kama bati, piga asubuhi kivulini. Na kazi ya mzee wa watu usiinakili bila kumwomba, huo ni wizi hata kama ni wa kwenye kompyuta.
Kipato? Hela ya bando na ya saluni natoa, kiwanja cha Mangamba bado 😂

MtuWaMasasi:
Dada umeruka penyewe. Unatoaje? Njia yao kubwa ni PayPal, ile huduma ya kulipana mtandaoni, na PayPal ya bongo kulipia unalipia, kupokea hupokei.

BintiMikindani:
Ndo maana linden zangu nyingi nazimalizia mlemle, ada za kupandisha na matangazo. Hela ya maana naipata kwa Blender hiyohiyo ila nje, kule Upwork, mtandao wa kutafuta vibarua, wazungu wanatafuta watu wa kuwachongea vitu vya 3D, nalipwa kwa Payoneer, huduma ya kupokea malipo ya nje, naihamishia benki. Kuna wanaotumia PayPal ya ndugu yupo Kenya, mi sishauri, jina la akaunti na kitambulisho visipofanana unafungiwa, na siku mkigombana na huyo ndugu utamdai kwa nani.

DogoNachingwea:
Vipi Roblox, ile ya magemu ya mtandaoni? Madogo wote huku wako huko

BintiMikindani:
Roblox nayo inalipa mdogo wangu ila watengeneza magemu, na mpaka ufikishe Robux (pesa ya mle) 30,000 za kuchuma mwenyewe, siyo za kununua. Ni kama dola mia na kidogo. Kucheza tu hakulipi mtu.

MzeeWaMinada:
Vijana mkiingia huko na mkikuta benki ya mle ndani inatoa riba kubwa, kimbieni. Second Life ilikuwepo moja inaitwa Ginko, 2007 ikafilisika na pesa za watu kama dola 750,000 hivi, Januari 2008 wenye dunia yao wakapiga marufuku benki zisizo na leseni. Walioumizwa na ule upatu wa DECI 2009 hilo siwahadithii.

KijanaWaChuno:
Shukrani wakuu, dada Mikindani nakuja PM. RAM 8 inatosha?

BintiMikindani:
Kwa kuanzia inatosha, Blender itaenda. Ila ukifungua Second Life yenyewe funga Chrome kwanza, na chaji ijaze mapema, Tanesco unawajua.