Mvua ikigonga bati usiku binti yangu halali. Nianzie wapi?

Mama wa Itezi
Habari za jioni wapendwa. Naishi Itezi, Mbeya, chini ya Mlima Kawetere. Wengi mnaikumbuka Jumapili ile ya Aprili 14, 2024, tope liliposhuka likafukia nyumba zipatazo 20. Yetu ilisalimika. Ya jirani ilizama, ng'ombe wakiwa zizini. Binti yangu, wakati huo ana miaka 14, alikuwa uani na aliona yote.

Tangu hapo mvua ikianza usiku anaamka, anavaa viatu, anakaa karibu na mlango kakumbatia begi la shule. Nikimwambia alale, ananijibu, "Mama, sikiliza mlima." Shuleni anasinzia, na mwalimu mmoja alishamchapa kwa hilo. Hapiti tena njia ya mkato inayopita pale palipofukiwa. Kwaya ameacha. Mdogo wake akiangusha sufuria anamvamia kwa ngumi, halafu analia yeye. Ukimuuliza, "nipo sawa".

Kiangazi alipata afadhali, Novemba mvua ziliporudi na hali ikarudi. Baba yake anasema ni ujana, utapita. Bibi yake anataka aombewe afunguliwe. Duka la dawa wamenishauri vidonge vya usingizi. Mimi simwoni mkaidi hata kidogo, namwona mtoto aliyechoka kuogopa.

Muuguzi Tukuyu
Pole sana mama. Vidonge kwanza: usimpe. Diazepam na wenzake Shirika la Afya Duniani halishauri wapewe watoto kwa hofu ya namna hii, na mwili huvizoea upesi.

Unayoyaeleza, kushtuka, kukwepa mahali, kukosa usingizi, hasira, kuacha alichokipenda, yakizidi mwezi mmoja na kuvuruga masomo huwa dalili za msongo wa kiwewe. Kuthibitisha ni kazi ya mtaalamu, lakini ukaidi siyo.

Kuhusu "utapita": Desemba 7, 1988 tetemeko liliangamiza miji ya Armenia. Daktari Armen Goenjian na wenzake waliwafuatilia vijana wa Gyumri. Waliopata tiba ya mazungumzo shuleni, mwaka mmoja na nusu baada ya tetemeko, walipata nafuu. Ambao hawakutibiwa waliendelea kuumia, na sonona ikawazidi. Kwa hiyo hujachelewa, ila usisubiri akue.

Nenda idara ya afya ya akili, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kama nauli au ratiba inasumbua, anza na afisa ustawi wa jamii wa kata, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Jambo moja nalisisitiza. Mlima bado upo, kwa hiyo hofu yake ina sehemu ya kweli. Msimwambie "hakuna kitu". Kaeni naye mpange: mvua ikizidi nani anambeba mdogo, mnapita wapi, mnalala kwa nani. Sasa hivi anailinda nyumba nzima peke yake, kila usiku. Mpokeeni hiyo zamu.

Kijana wa Katesh
Shikamoo mama. Mimi ni wa Hanang, nasoma Iringa. Tope la Desemba 3, 2023 lilipita kwetu, na mdogo wangu alikuwa hivyohivyo. Ndugu walikuwa wanamlazimisha asimulie mbele ya wageni, akazidi kujifungia. Kilichomsaidia ni mshauri aliyemwacha aseme kidogo kidogo, na mimi kumsindikiza hadi karibu na korongo, siku nyingine hatua chache zaidi, akitaka kurudi tunarudi. Bibi amwombee, hakuna ubaya. Ila asiambiwe ana pepo, neno hilo lilimuumiza sana mdogo wangu.

Mama wa Itezi
Marahaba mwanangu. Muuguzi, ndaga fijo, asante sana. Nimemsomea baba yake, ameuliza tena habari ya Armenia, kisha akasema tutaenda wote Jumatatu. Shuleni nitaomba nionane na mwalimu wa malezi, ile fimbo ikome. Je, siku ya kwanza atalazimika kusimulia yote?

Muuguzi Tukuyu
Hapana. Ataulizwa anavyolala, anavyokula, masomo yanaendaje. Habari ya tope itakuja baadaye, akiwa tayari. Wewe mwulize leo, mkiwa wawili tu, kama amewahi kutamani asiwepo. Kumwuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usingoje Jumatatu, mpeleke usiku huohuo.